Mgeni wa Volti 120

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kuna mgeni mmoja anayeingia katika nyumba zetu hapa Kitale na kule Bungoma ambaye akikaribishwa vibaya haponi yeye wala mwenyeji wake. Huyo ni chombo cha umeme kilichonunuliwa Marekani.

Wengi wetu tuna shangazi, binamu au jirani aliye ng'ambo. Huyu anasoma, yule ni nesi, mwingine alikwenda kukimbia mbio za barabarani. Akirudi nyumbani Krismasi, sanduku lake halikosi pasi, redio, mashine ya kunyolea au kinanda cha kwaya. Watu wanakusanyika, plagi inachomekwa, swichi inabonyezwa. Puu! Harufu ya waya unaoungua inajaa nyumba, na lawama zinaanza: "Stima ya huku ni mbaya!" La hasha! Stima haina kosa hata kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Stima ya Kenya ni ya volti 240, na ya Marekani ni ya volti 120. Aliyewahi kusimama kwenye maporomoko ya Nabuyole, pale Webuye, ataelewa upesi. Volti ni kama urefu wa maporomoko. Kadiri maji yanavyotoka juu ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu chini. Chombo cha Marekani kimeundwa kustahimili maporomoko mafupi, nasi tunakisimamisha chini ya yale marefu.

Tuchukue pasi ya volti 120 na wati 1200. Kwao inavuta ampia 10, kwa hivyo ukinzani wa waya wake ni omu 12. Ichomeke hapa. Volti 240 gawanya kwa 12, unapata ampia 20. Zidisha 20 kwa 240, unapata wati 4800. Volti zimeongezeka mara mbili lakini joto limeongezeka mara nne! Hapo ndipo wengi hupotea, wakidhani kwamba pasi itapata moto kidogo tu zaidi.

Kwa bahati njema, plagi zetu za miguu mitatu huwa na fyuzi, na iliyo kubwa kabisa ni ya ampia 13. Ampia 20 zikipita, fyuzi inaweza kukatika, ingawa inaweza pia kuchelewa sana, kwa hivyo usiitegemee. (Isipokuwa kama mtu ameitoa fyuzi akaweka kipande cha waya, na mnajijua.) Ila redio haina bahati hiyo. Yenyewe inavuta hata chini ya ampia moja, kwa hivyo inaweza kuungua yote na fyuzi ya 13 isijue kumetokea nini. Fyuzi hulinda waya na nyumba. Hailindi redio.

Sasa tuje kwenye kosa linalochoma vyombo vingi kuliko yote. Plagi ya Marekani ina vyuma viwili bapa, na haingii katika soketi zetu tulizorithi kwa Waingereza, za mtindo wa mwaka 1947. Basi mtu anakwenda dukani anauziwa adapta, kile kiplastiki kidogo chenye matundu huku na miguu mitatu kule. Anafurahi, kumbe amenunua maafa. Adapta hubadili umbo la miguu tu. Volti zinapita vile vile zilivyo. Ni sawa na mtoto wa shule nyingine kuvaa sare yetu: bawabu atamfungulia geti, lakini mtihani wa hisabati hautamhurumia.

Kinachoshusha volti ni transfoma. Ndani yake mna chuma kilichozungushiwa waya mara mbili. Upande wa kuingilia ukiwa na mizunguko 480 na wa kutokea 240, volti 240 zinaingia na 120 zinatoka. Ni kazi ya uwiano tu, ile ile ya darasa la saba. Transfoma ya kweli ni nzito kama tofali kwa sababu ya chuma hicho, na huandikwa wati inazoweza kubeba. Ya wati 300 itaendesha redio au kinanda bila kuhema. Ukiipa pasi ya wati 1200, itakayoungua sasa ni transfoma yenyewe. Afadhali ununue inayozidi mahitaji yako kwa nusu hivi, ili isichemke.

Jihadhari pia na vibadilishi vyepesi vya safari, ambavyo unaweza kutia mfukoni na bado vimeandikwa wati 1600. Hivyo havina chuma kikubwa ndani. Vinakata mawimbi ya umeme vipande vipande ili kupunguza nguvu. Pasi au kikausha nywele hakitajali, kwa kuwa kazi yao ni joto tu. Redio, kinanda au tarakilishi itaharibika.

Je, utajuaje chombo chako ni cha aina gani? Kigeuze, usome kibandiko. Tafuta neno INPUT. Ukiona 100–240V, 50/60Hz, tulia. Chombo hicho kinakula stima ya dunia nzima, nawe unahitaji adapta tu. Chaja nyingi za simu na za tarakilishi za mapajani siku hizi ni za aina hii. Ukiona 120V peke yake, ondoa mkono kwenye swichi.

Tarakilishi za mezani zilizo kuukuu zina ujanja wao. Nimesimuliwa habari za shule moja, ambayo sitaitaja, iliyopokea shehena ya tarakilishi za msaada. Ya kwanza ilipowashwa ililia kama fataki ikatoa moshi. Wanafunzi waliokuwa wamesubiri kwa muda mrefu wakaona ndoto imekwisha. Ndipo mtu mmoja akachungulia nyuma ya ile ya pili akaona kiswichi chekundu, kimeandikwa 115. Akakisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka 230 ikatokea, kisha akachomeka. Ikawaka! Moja ilikufa, zilizobaki zikapona, na dawa ilikuwa kalamu ya biki.

Limebaki suala la hezi. Stima yetu hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, ya Marekani mara 60, na transfoma haiwezi kurekebisha hilo. Saa ya ukutani inayohesabu mawimbi ya stima ya Marekani itachelewa hapa dakika 10 kila saa. Hilo ni la kucheka. Lakini fikiria zahanati iliyoletewa mashine ya kutengeneza oksijeni ya volti 115 na hezi 60. Hata ukiipa transfoma nzuri, mota yake itazunguka polepole, itapata joto, na hewa itakayosukuma itapungua. Hapo mgonjwa ndiye anayelipa. Mashine kama hiyo heri iulizwe volti na hezi zake kabla haijapakiwa melini.

Kwa wanaosafiri karibu, msiwe na wasiwasi. Ukivuka Suam, Lwakhakha au Malaba uingie Uganda, stima ni ya volti 240 na soketi ni kama zetu. Tanzania wana 230, na tofauti hiyo ndogo haidhuru kitu. Kongo na Rwanda utahitaji adapta ya miguu miwili ya mviringo. Oman na Qatar plagi yako itaingia bila kuombwa. Japani ndiyo kali: volti 100, na Tokyo ni hezi 50 ilhali Osaka ni 60, nchi ile ile moja!

Na wewe unayepanga kwenda kusoma Marekani huku umeficha koili ya kuchemshia maji ndani ya sanduku (ile ile ambayo mwalimu wa bweni anaitafuta kila jioni), jua kwamba hesabu itageuka. Volti zikipungua nusu, joto linabaki robo. Koili ya wati 1000 itakuwa ya 250. Maji yanayochemka hapa kwa dakika tano yatakuchukua zaidi ya dakika ishirini huko, na kipindi cha kwanza kitakuwa kimeshaanza.