KIWANJA CHA GHALA NA HATARI YA MAFURIKO

Chama cha msingi kinapokusudia kujenga ghala, mara nyingi Kamati huvutwa na kiwanja cha bondeni, kwani bei yake ni nafuu na ardhi yake ni tambarare. Lakini unafuu huo waweza kugeuka hasara. Maji yakiingia ghalani mazao ya wanachama huoza, na mkopo wa ujenzi hubaki palepale ukidai kulipwa.

Mifano haiko mbali. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulifurika huko Kilosa, ukabomoa nyumba na kuharibu Reli ya Kati. Desemba 2011, mafuriko ya Dar es Salaam, hasa katika bonde la Msimbazi, yaliua watu zaidi ya 40.

Kabla ya kulipia kiwanja, Kamati yapaswa kutimiza mambo manne.

Kwanza, iwaulize wazee wa mahali hapo maji yalifika wapi katika miaka ya mvua kubwa, kama zile za 1997 na 1998, na itafute alama zake kwenye kuta na miti.

Pili, ikikague kiwanja wakati wa masika, si kiangazi peke yake.

Tatu, fundi apime kwa pimamaji, ili sakafu ya ghala iwe juu ya alama hiyo.

Nne, upimwe umbali kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Hata hivyo, penye tambarare maji huweza kuvuka mita hizo.

Wako wasemao kuwa mafuriko ya "miaka 100" yakishapita hayarudi upesi. Hilo ni kosa. Maana yake ni kwamba kila mwaka ipo nafasi 1 katika 100 ya kutokea. Kwa ghala litakalodumu miaka 50, nafasi ya kufikwa nayo walau mara moja ni karibu 2 katika 5.

Katibu aandike majibu yote katika kumbukumbu za Kamati, na yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu kabla ya kupiga kura. Kiwanja cha mwinuko chaweza kuwa ghali zaidi; lakini wanachama watakuwa wameamua wakijua wanalipia nini.