Ijumaa Iliyorudi Mara Saba: Riwaya ya Vijana na Somo la Kujihesabu Nafsi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Ama baada ya hayo.

Wazazi wengi hutuuliza iwapo riwaya za vijana zina faida kwa mtoto wa Kiislamu. Leo tuitazame moja, Before I Fall, aliyoiandika Mmarekani Lauren Oliver mwaka 2010, na ambayo ilitengenezewa filamu mwaka 2017.

Msichana Samantha Kingston anapata ajali ya gari usiku wa Ijumaa, 12 Februari. Anapofumbua macho, ni asubuhi ya Ijumaa ileile. Siku hiyo anaiishi mara saba. Mwanzoni anahangaikia kuokoa maisha yake tu. Taratibu anaanza kuwaona watu aliokuwa akiwapita: wazazi wake, mdogo wake Izzy, na hasa Juliet Sykes, mwanafunzi mwenzake ambaye yeye na rafiki zake wamemdhihaki kwa miaka. Chimbuko la dhihaka hiyo ni uongo: walipokuwa wadogo, rafiki yao Lindsay alijikojolea kambini, akamsingizia Juliet. Siku ya saba Samantha anamsukuma Juliet asigongwe na gari, na yeye anafariki.

Ndugu wasomaji, Qur'ani katika Suratul Muuminun, aya ya 99 na 100, inatutajia mtu ambaye mauti yanapomfikia huomba arudishwe duniani akatende mema, na ombi lake hukataliwa. Ijumaa za Samantha ni za kubuni. Yetu ni hii tuliyonayo. Nafasi yetu ya pili ni toba kabla roho haijafika kooni. Na haki ya mja haifutwi kwa istighfari pekee. Aliyemvunjia mwenzake heshima hana budi kumwendea, kuukanusha uongo aliousema na kumwomba radhi.

Hatusemi kwamba yote yaliyomo ni mema. Mna ulevi, mahusiano ya wavulana na wasichana, na habari za kutaka kujiua. Kwa hiyo mzazi aisome kwanza, kisha akae na mwanawe amuulize: shuleni kwenu Juliet ni nani, na wewe humtendea vipi? Kijana akinyamaza, asikemewe. Huenda ndipo anapoanza kujihesabu. Na huenda Juliet akawa ni huyo huyo mwanetu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutubia mapema na kurejesha haki za watu. Amin.