Alama Tano za Masingasinga

Dini ya watu ambao Waswahili huwaita Masingasinga, au Makalasinga, ilianza katika nchi ya Punjab, kaskazini ya Bara Hindi. Wenyewe hujiita Sikh, na maana ya neno hilo ni mwanafunzi. Jina la Punjab maana yake ni mito mitano, kwa kuwa mito mitano mikubwa hupita katika nchi ile. Tangu mwaka 1947 nchi hiyo imegawanyika: upande wa magharibi umo katika Pakistan, na upande wa mashariki umo katika India.

Singasinga aliyekula kiapo cha dini yake huwa na vitu vitano mwilini mwake, mchana na usiku, kazini na safarini. Kwa lugha ya Kipunjabi majina ya vitu hivyo yote huanza kwa herufi K: kesh, kangha, kara, kachera na kirpan, yaani nywele zisizokatwa, kitana cha mti, bangili ya chuma, suruali fupi, na upanga mfupi. Mtu asiyejua huenda akadhani kwamba hayo ni mapambo tu. Sivyo. Vitu hivyo ni ahadi iliyofanywa ionekane kwa macho ya watu, ili aliyeiweka asiweze kuificha.

Mwalimu wa kwanza wa dini hiyo aliitwa Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Masingasinga humwita Guru, maana yake mwalimu. Siku zile watu wa Bara Hindi waligawanyika katika matabaka mengi, na mtu wa tabaka la juu hakukubali kula pamoja na mtu wa tabaka la chini. Guru Nanak alifundisha ya kuwa Mungu ni mmoja, na watu wote ni sawa mbele zake. Aliwaagiza wafuasi wake walikumbuke jina la Mungu, wafanye kazi kwa mikono yao, na kugawana chakula na wenzao. Baada yake walifuata walimu wengine tisa, mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu wa tisa, Guru Tegh Bahadur, aliuawa katika mji wa Delhi mwaka 1675, kwa amri ya mfalme Aurangzeb. Masimulizi ya Masingasinga yasema kwamba alikuwa amewatetea Wahindu wa Kashmir, watu wasio wa dini yake, waliokuwa wakilazimishwa kuiacha dini yao. Yeye naye aliambiwa abadili dini, akakataa, akakatwa kichwa hadharani. Watu wakaogopa. Hata hivyo mtu mmoja wa tabaka lililodharauliwa sana, jina lake Jaita, alikichukua kichwa kwa siri, akaenda nacho mpaka Anandpur, safari ya kilometa zipatazo 300. Mtu mwingine, Lakhi Shah, aliuchukua mwili kwa gari lake gizani. Kwa kuwa hakuthubutu kuuchoma hadharani kama ilivyo desturi, aliuweka ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha akaitia moto nyumba nzima.

Mwana wa Guru Tegh Bahadur, aliyekuwa mtoto wa miaka kama tisa tu, ndiye aliyekipokea kichwa cha baba yake huko Anandpur. Husimuliwa kwamba aliuliza habari za Masingasinga waliokuwako Delhi siku ile: je, hakuwako hata mmoja aliyejitokeza? Akajibiwa ya kwamba hapakuwa na alama ya kuwatambulisha; walivaa kama watu wengine, na katika hofu ile kila mmoja alijificha kati ya umati. Mtoto huyo alikuwa ndiye mwalimu wa kumi, Guru Gobind, na maneno hayo hayakumtoka moyoni.

Miaka ikapita. Mwaka 1699, wakati wa sikukuu ya mavuno iitwayo Vaisakhi, Guru Gobind aliwaita Masingasinga wakusanyike Anandpur. Wakaja watu wengi mno. Ndipo akasimama mbele ya hema, upanga wazi mkononi, akauliza: ni nani aliye tayari kutoa kichwa chake kwa ajili ya imani yake? Watu wakanyamaza. Akauliza tena, na mara ya tatu mtu mmoja akasimama. Guru akaingia naye hemani, kisha akatoka peke yake, upanga ukichuruzika damu, akataka kichwa cha pili. Wengine wakaanza kukimbia. Lakini akasimama mtu wa pili, na wa tatu, na wa nne, na wa tano. Hatimaye Guru akawatoa wote watano nje, wazima, wamevaa mavazi mapya. Tangu siku hiyo huitwa Wapendwa Watano.

Watu hao hawakuwa wa tabaka moja wala wa mji mmoja. Mmoja alikuwa mtu wa Lahore, wa tabaka la wafanya biashara; wa pili mkulima; wa tatu mchota maji; wa nne mshonaji; na wa tano kinyozi. Guru alitia maji katika bakuli la chuma, na mkewe akatia sukari. Akayakoroga kwa upanga wenye makali pande mbili huku akisoma sala. Wote watano wakanywa katika bakuli lile moja, jambo ambalo watu wa matabaka mbalimbali hawakulifanya kamwe. Kisha Guru mwenyewe akapiga magoti mbele yao, akawaomba wampe na yeye maji yale. Mwalimu akawa mwanafunzi wa wanafunzi wake.

Siku hiyo waliokula kiapo walipewa jina moja: wanaume Singh, maana yake simba, na wanawake Kaur, maana yake binti wa mfalme. Katika nchi ile jina la mtu lilidhihirisha tabaka lake. Basi aliyepokea jina jipya aliliacha tabaka lake pamoja na jina la zamani. Tena, kwa mapokeo ya Masingasinga, ndiyo siku walipoagizwa kuwa na zile alama tano.

Ya kwanza ni kesh, yaani nywele. Singasinga wa kiapo hakati nywele wala ndevu tangu kuzaliwa hata kufa, kwa kuwa huziona kuwa ni kipaji cha Mungu, na mwili ni wa kupokewa kama ulivyoumbwa. Mtu aweza kufikiri juu ya yule kinyozi miongoni mwa Wapendwa Watano: kazi iliyomlisha ilikuwa kukata nywele za watu, naye akaahidi kutokata zake milele.

Ya pili ni kangha, kitana kidogo cha mti. Hukaa ndani ya nywele zenyewe, zilizofungwa fundo juu ya utosi. Katika Bara Hindi wako watawa wanaoacha nywele zao zisokotane bila kuchanwa, kuonyesha kwamba wameuacha ulimwengu. Singasinga hafuati njia hiyo. Yeye hufundishwa kuishi kati ya watu, kuoa na kufanya kazi. Kwa hiyo huchana nywele zake asubuhi na jioni, na kuzifunga upya. Nywele bila kitana zingekuwa uvivu.

Ya tatu ni kara, bangili ya chuma au ya feleji. Si ya dhahabu wala fedha, maana haikusudiwi kuonyesha mali. Tajiri na maskini huvaa ya namna moja. Ni duara isiyo na mwanzo wala mwisho, nayo humkumbusha mtu habari ya Mungu. Huvaliwa mkononi kwa sababu mkono ndio utendao. Mtu akinyosha mkono kuiba au kupiga, macho yake huiona bangili kabla tendo halijatimia.

Ya nne ni kachera, suruali fupi ya kitambaa, ifungwayo kwa utepe kiunoni. Huvaliwa ndani ya nguo nyingine, na wanaume na wanawake. Zamani watu wengi wa Bara Hindi walijifunga shuka ndefu, nguo isiyomfaa mpanda farasi wala mtu apaswaye kuondoka upesi. Kachera ilimpa mtu wepesi wa kwenda. Tena ni ukumbusho wa kuzitawala tamaa za mwili na kuwa mwaminifu katika ndoa.

Ya tano ni kirpan, upanga mfupi uliopinda kidogo mfano wa jambia, wenye ala na mkanda upitao begani. Jina lake hufasiriwa kuwa limetokana na maneno mawili, huruma na heshima. Singasinga hana ruhusa kuutumia kwa kushambulia wala kwa hasira. Umewekwa kwa ajili ya kumlinda mnyonge njia nyingine zote zikiisha kushindwa.

Mtu aweza kuuliza, mbona kilemba hakikuhesabiwa? Kilemba si mojawapo ya zile tano, bali ni kifuniko cha nywele, na wanaume wa kiapo hawana budi kukivaa. Baadhi ya wanawake pia hukivaa, na wengine hujifunika kwa mtandio. Katika zama za wafalme wa Delhi kilemba kizuri kilikuwa alama ya watu wakubwa. Mchota maji na kinyozi walipovifunga vilemba, walikuwa wakisema bila maneno ya kwamba hakuna mtu mdogo. Wala si kila Singasinga amekula kiapo. Wengi hawajala, na wengine hukata nywele, wakabaki na bangili tu mkononi. Lakini aliyekula kiapo huahidi kutotumia tumbako, na kutozini, na kutokata nywele zake. Na ahadi ni deni.

Deni hilo limewagharimu wengi. Masingasinga wamehamia nchi nyingi za ng'ambo, na katika baadhi ya nchi hizo watu waliona alama zao kuwa ni neno geni. Mwaka 1978 katika mji wa Birmingham, Uingereza, mvulana mmoja alikataliwa katika shule ya binafsi kwa kuwa hakukubali kuvua kilemba na kukata nywele. Kesi ilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya wakati ule, na mwaka 1983 majaji waliamua kwamba Masingasinga hulindwa na sheria inayokataza ubaguzi wa taifa na rangi, na ya kuwa shule ile haikuwa na haki kumkataa. Huko Ufaransa mambo yalikwenda kinyume: sheria ya mwaka 2004 ilikataza alama za dini zilizo wazi katika shule za serikali, na vilemba vya wavulana wa Kisingasinga vikahesabiwa pamoja nazo.

Neno la upanga lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 2001 katika mji wa Montreal, Kanada, kirpan ya mvulana wa miaka 12 ilianguka katika uwanja wa shule. Wakuu wa shule wakaogopa, wala hofu yao haikuwa ya bure, kwa maana mwalimu huwajibika kwa usalama wa watoto wote. Mvulana naye alisema hawezi kuiacha, kwa kuwa amekwisha kuapa. Mwaka 2006 mahakama kuu ya Kanada ikatoa hukumu. Majaji walisema kwamba tangu Masingasinga waanze kusoma katika shule za nchi ile, muda wa miaka kama 100, haikusikika habari ya mtu kujeruhiwa shuleni kwa kirpan; tena mikasi na magongo ya michezo humo shuleni kila siku. Basi wakaruhusu ivaliwe kwa masharti: iwe ndani ya ala ya mti, ishonewe katika kitambaa kigumu, na ikae chini ya nguo. Hivyo mvulana alilinda ahadi yake, na wenzake wakalindwa pia.

Katika Afrika ya Mashariki watu wameyazoea macho yao kwa vilemba hivyo tangu zamani. Reli ya kutoka Mombasa hadi ziwa la Viktoria ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, na kwa kazi hiyo waliletwa watu zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa watu wa Punjab. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wa Kisingasinga: maseremala, wahunzi na waashi. Huko Makindu, katika njia iendayo Nairobi, Masingasinga wa reli walijenga hekalu mwaka 1926, nalo liko hata leo. Msafiri wa dini yoyote na kabila lolote akifika hapo hupewa chakula bila malipo. Haulizwi jina lake wala alikotoka. Huketi pamoja na wengine, tajiri kando ya maskini, kama Guru Nanak alivyoagiza. Na mkono unaomtilia chakula katika sahani ni mkono wenye bangili ya chuma.