Kiatu cha dada na kadi ya baba

Mtoto wa miaka tisa pale Albert Park, Durban, aliona gari la rimoti dukani. Bei randi 349. Baba yake yuko kwenye mjengo, mama anafanya usafi kwenye nyumba za watu, na kila mwisho wa mwezi lazima hela iende Bukavu. Jibu la nyumbani likawa moja: subiri.

Hakusubiri. Familia hii tunaisaidia kupanga bajeti, kwa hiyo daftari lake tumelisoma. Kusema kweli lina mpangilio kuliko vitabu vya baadhi ya makampuni.

Alianza na maji. Aligandisha chupa kumi, akaenda nazo ufukweni Jumapili pamoja na mama. Aliuza nne kwa randi 5, akanywa tatu kwa sababu jua lilikuwa kali, zilizobaki zikawa maji ya moto. Umeme wa friji hakuuhesabu (wafanyabiashara wengi wakubwa nao hivyo hivyo). Halafu akavaa kizibao cha baba cha kazini, kikamfika miguuni, akasimama barabarani kuelekeza magari yanayorudi nyuma. Baba alimtoa haraka, na hapo tuko na baba: hatari yenyewe inatosha, na sheria ya Afrika Kusini hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 15 kuajiriwa. Ya tatu ilikuwa kuwauzia majirani wageni maneno ya Kizulu, randi moja kwa neno. “Unjani” aliliuza, kisha akamuuzia mama yule yule “ninjani” kama bidhaa nyingine.

Ya nne ndiyo iliyotufanya tuandike. Alimkopesha dada yake randi 10, arudishe 15 baada ya wiki. Dhamana: kiatu cha shule. Kimoja tu, maana kimoja hakivaliki. Jumatatu asubuhi mambo yakajulikana, watu wakacheka, mpaka mama alipouliza, “Haya umejifunza wapi?”

“Kwa baba.”

Kumbe kadi ya benki ya baba ilikuwa kwa mashonisa wa ghorofa ya chini, mwezi wa nne sasa. Alikopa randi 1,000 za ada ya mtoto wa dada yake, riba hamsini kwa mia kwa mwezi. Mshahara ukiingia, mashonisa anatoa 500 zake. Miezi minne ni randi 2,000 zimeondoka, na ile 1,000 bado anadaiwa yote. Mama alikuwa anaambiwa kazi imepungua.

Sheria inasemaje? Mkopeshaji anatakiwa awe amesajiliwa na National Credit Regulator. Kwa mkopo mdogo, usiozidi randi 8,000 wala miezi sita, riba mwisho asilimia 5 kwa mwezi, na ukikopa tena mwaka huo huo, asilimia 3. Yaani kwa 1,000 ni randi 50, pamoja na ada ambazo nazo zina kikomo. Kushika kadi yako, kitambulisho au namba ya siri ni marufuku kabisa, awe amesajiliwa au hajasajiliwa.

Kama kadi yako iko kwa mtu, nenda benki mwenyewe na pasipoti au karatasi zako kabla ya siku ya mshahara. Omba kadi ya zamani ifungwe, chukua mpya yenye namba ya siri mpya. Deni usilikimbie. Baadhi ya jamaa hawa ni wakali, kwa hiyo nenda kuzungumza naye ukiwa na mtu mzima anayeheshimika, mpange kulipa mtaji kidogo kidogo, na kila malipo yaandikwe.

Na ada ya shule si dharura, tarehe yake inajulikana. Congo shule zinafunguliwa Septemba, Kenya na Tanzania Januari. Upatu, likelemba, stokvel, uite utakavyo: watu kumi wanaofahamiana, randi 200 kila mmoja kwa mwezi, anayepokea anapata 2,000 bila riba. Usipokee zamu kwa bahati nasibu. Omba zamu ya mwezi kabla ya shule kufunguliwa, ili hela itumwe mara moja, maana kutuma vipande vitatu mara nyingi ni kulipa gharama mara tatu.

Familia hii imeingia kwenye mzunguko mwezi huu. Daftari la kundi anashika mama. Mtoto aliomba kazi hiyo, akakataliwa.