ENAJI: NGUVU YA MKOPO



Siku moja nilienda kukutana na kikundi cha akina mama wauza omena katika bichi moja ya Nyatike, Kaunti ya Migori. Tulikuwa tumepanga kuongea habari ya akiba. Kabla hatujaanza, mama mmoja akafika amechelewa, uso umemsawijika. Akasema, "Mniwie radhi dada zangu, natoka zahanati. Kijana wangu moyo unampiga kama ngoma tangu alfajiri, na mikono inatetemeka."

Sote tulidhani ni malaria, maana huku kwetu kila homa tunaiita malaria. Kumbe alikuwa amepimwa na malaria haikuonekana. Muuguzi akamwuliza, "Jana usiku ulikunywa nini?" Kijana akajibu: chupa tatu za enaji, zile kubwa za nusu lita, ili asisinzie ziwani. Na chakula? Hakuwa amekula tangu saa saba mchana.

Kijana alipumzika, akaangaliwa, na jioni akarudi nyumbani. Tunamshukuru Mungu. Lakini siku hiyo habari ya akiba haikuongelewa tena. Akina mama walikuwa na swali moja tu: "Kama kitu hiki kinadhuru, mbona kinauzwa dukani mchana kweupe?" Niliahidi kuwajibu. Jibu ndilo hili.

Enaji ni nini?

Ni vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wetu wanaviita tu enaji. Ndani yake kuna maji, sukari nyingi, rangi, vitamini kidogo, na kitu kinachoitwa kafeini. Kafeini ndiyo inayofanya kazi ya kukuondolea usingizi.

Kafeini si kitu kigeni. Iko katika majani ya chai na katika kahawa, kwa hivyo sote tumeinywa tangu utoto. Vinywaji vya namna hii vilianza kuuzwa Japani mwaka 1962. Miaka ya 1970 Thailand nayo ikatengeneza chake, na wanywaji wake wakubwa walikuwa madereva wa malori na vibarua wa zamu za usiku. Kutokana na hicho cha Thailand, kampuni ya Austria ilianza kuuza Red Bull mwaka 1987, na baadaye vya aina hiyo vikaenea dunia nzima. Mnaona basi: tangu mwanzo wateja wake ni watu wa kazi ngumu za usiku, kama wavuvi wetu wa Mbita na Muhuru, wachimba dhahabu wa Macalder, madereva wa trekta za miwa Awendo na watu wa bodaboda.

Kiasi gani kiko ndani?

Kafeini hupimwa kwa miligramu. Kikombe cha chai kali kina kama miligramu 50. Kikombe cha kahawa ya kuchuja kina kama 90. Kopo dogo la enaji la mililita 250 lina kama 80. Chupa au kopo la nusu lita mara nyingi hufika 150 au 160.

Mtu atasema, "Sasa tofauti na kahawa iko wapi?" Tofauti iko katika namna ya kunywa. Chai na kahawa ni za moto, unakunywa pole pole, ukimaliza kikombe umetosheka. Enaji ni baridi na tamu, inashuka kama maji. Mtu anamaliza nusu lita kwa dakika mbili na kuagiza nyingine.

Mwaka 2015 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku nzima, wala 200 kwa mara moja. Hesabu ya yule kijana wetu wa Nyatike ni 160 mara tatu, yaani 480, kwa usiku mmoja, na tumbo tupu.

Kwa nini ninaiita nguvu ya mkopo?

Nguvu ya kweli inatoka kwenye chakula na usingizi. Kafeini haikupi nguvu hiyo. Tangu unapoamka, kuna kitu kinaitwa adenosini kinachojikusanya ubongoni kidogo kidogo. Kikizidi, ndipo unasikia kuchoka na macho yanakuwa mazito. Fikiria ni kama mweka hazina wa kikundi anayekuja mlangoni kukukumbusha deni. Kafeini inamzuia mweka hazina asiingie. Deni lenyewe haijalipa hata senti moja. Kafeini ikiisha nguvu, mweka hazina anaingia, na sasa deni ni kubwa kuliko jana.

Na kafeini haitoki mwilini upesi. Baada ya saa tano hivi, nusu yake bado iko. Mvuvi wa omena akinywa chupa saa kumi alfajiri, ifikapo saa tatu asubuhi, wakati amefika nyumbani anataka kulala, nusu bado inamsumbua. Analala usingizi wa mang'amung'amu. Usiku ukifika amechoka zaidi, ananunua chupa mbili badala ya moja. Hapo mkopo umezaa mkopo.

Macho kufunguka si kuwa salama

Hapa naomba watu wa bodaboda na madereva wanisikilize. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu waliokaa macho muda mrefu. Aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi vibaya kama mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakataza mtu kuendesha gari. Aliyekaa macho saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Enaji inaweza kukusaidia kwa muda mfupi, lakini mwili usiolala utasinzia tu, hata kwa sekunde tatu. Sekunde tatu kwenye barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, umebeba mama na mtoto, zinatosha kuleta msiba.

Nani asiguse kabisa?

Watoto. Mwili wao ni mdogo, kipimo cha mtu mzima kwao ni kikubwa mno. Lithuania ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia mwaka 2016, na Poland mwaka 2024. Wazazi wa watoto wa mitihani, sikieni: usiku wa kukesha na chupa unamnyima mtoto usingizi, na usingizi ndio unaosaidia ubongo kushika alichosoma.

Mama mjamzito. Kafeini inamfikia mtoto tumboni, na mwili wa mama mjamzito unachelewa sana kuitoa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama anayezidisha miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kuzuia mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Chai ya kiasi si vibaya, enaji aiache.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kifafa au kisukari. Kafeini inapandisha presha na kuharakisha moyo, na sukari iliyomo ni hatari kwa mwenye kisukari.

Anayetumia dawa. Kwa mfano siprofloksasini, ambayo watu wengi hupewa, inazuia mwili kuitoa kafeini. Mwulize daktari au muuguzi kwanza.

Mgonjwa wa kuhara. Kuna watu wanampelekea mgonjwa enaji ati arudishe maji. Si dawa. Mpe maji ya ORS. Kama hayapo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kuchanganya na pombe

Vijana wanaichanganya na pombe kwenye disko matanga na sherehe. Pombe inakulewesha, kafeini inakuficha kwamba umelewa. Unaona uko sawa, unaongeza nyingine, halafu unapanda pikipiki. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliyaonya makampuni manne yaliyokuwa yakiuza pombe iliyotiwa kafeini, na pombe hizo zikaondolewa madukani.

Tena tuwe macho na zile chupa zinazojisifu kuwapa wanaume nguvu za chumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Zambia iliamuru kinywaji kimoja cha namna hiyo kisitengenezwe tena. Maabara ilikuta ndani yake dawa ya sildenafil, ambayo haikuandikwa kwenye lebo. Kwa mgonjwa wa moyo anayemeza dawa fulani, hiyo inaweza kuua.

Na mfuko je?

Tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye kikundi. Tuseme chupa moja ni shilingi 70, na mtu anakunywa mbili kwa siku. Hiyo ni 140. Kwa siku 26 za kazi ni 3,640 kila mwezi. Kiwango cha chini cha bima ya SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa hiyo, anayelipa kiwango hicho, enaji ya mwezi mmoja ingelipia familia yake bima ya mwaka mzima. Tena nusu lita moja yenye sukari inaweza kuwa na vijiko vidogo 13 vya sukari. Meno yanaoza, na kisukari kinabisha hodi.

Tufanye nini?

1. Kula kabla ya kazi ya usiku. Nyoyo, uji wa mtama, viazi vitamu vya Kabondo, njugu: hivi vinatoa nguvu pole pole na inakaa.

2. Beba maji ya kunywa. Wakati mwingine uchovu wa mchimbaji au wa bodaboda unatokana na kiu.

3. Ukisinzia, simama kando ya barabara ulale dakika 15 au 20. Si aibu.

4. Kama umezoea, usiache ghafla. Kichwa kitauma siku kadhaa, na wengi hapo ndipo wanarudia. Punguza nusu chupa kila baada ya siku chache.

5. Soma lebo. Kama haitaji kafeini wala haina alama ya KEBS, usinunue.

6. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua, kuzirai, degedege, au moyo kwenda mbio bila kutulia, mpelekeni hospitali mara moja, na mwambieni daktari amekunywa nini.

Sasa nirudi kwa swali la akina mama. Kitu kuuzwa kihalali si kusema kinafaa kila mtu kwa kiasi chochote. Chumvi inauzwa, na inapandisha presha. Serikali inakagua chupa, lakini haihesabu ni ngapi umekunywa. Hiyo kazi ni yetu: mama, baba, mwalimu, mwenye duka, mwenyekiti wa steji.

Yule kijana bado ni mvuvi. Mama yake alinieleza kwamba siku hizi anamfungia chakula na chupa ya maji kabla ya jua kutua, na asubuhi hamwiti kufanya kazi yoyote mpaka aamke mwenyewe. Lile deni sasa linalipwa kwa usingizi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Je, katika kijiji chetu ni nani wanaokunywa enaji zaidi, na ni kwa sababu gani?

Wenye maduka walio wanakikundi wanaweza kukubaliana wasiwauzie watoto?

Watu wetu wa usiku wanapata wapi chakula na mahali pa kupumzika, na kikundi kinaweza kusaidia vipi?