KUSUKUMA SI KUSHURUTISHA

Katika msimu wa mvua tulikuwa safarini kutoka Nachingwea kwenda Kilimarondo. Watu wa huko wanaijua barabara hiyo kuliko sisi: kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Tulipofika bondeni lori letu likazama. Dereva alitoa kichwa dirishani akaamuru, "Sukumeni!" Tukashuka, tukasukuma, gari likakataa. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka shambani akaweka jembe lake kando, akajipenyeza katikati yetu, akasema, "Haya, tusukume." Akahesabu, tukaitikia kwa sauti moja, na lori likatoka.

Hatusemi kwamba dereva alikosea kubaki ndani, kwa maana lazima awepo wa kushika usukani. Lakini tulitia akilini kuwa kati ya "sukumeni" na "tusukume" mna tofauti ya kiambishi kimoja tu, na tofauti hiyo si ndogo. La kusikitisha ni kwamba kesho yake tulikuwa tumekwisha kuisahau.

Kesho yake palikuwa na mkutano wa wananchi kuhusu boma la darasa lililosimama bila kuezekwa. Tulipopewa nafasi ya kusema, tulitamka kwa kujiamini kabisa: "Wale wanaosuasua tutawasukuma." Kimya kikatanda. Kisha mzee mmoja, si yule wa barabarani, akainuka akasema kwa upole: "Mwanangu, sisi tulikwisha kusukumwa. Tueleze kwanza safari hii mnatusukuma kwenda wapi." Wengine wakacheka, naye hakucheka. Tulimjibu, "Mzee wangu, tumekusikia," kwa kuwa jibu jingine hatukuwa nalo.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilipima neno hili. Waingereza wana neno lao "push", hulibandika milangoni na kulitumia kwa gari, kwa mtu na kwa jambo. Kiswahili nacho kina sukuma, ila hakikulipa kazi zote. Kilizigawa kazi hizo kwa maneno mengi, na kila neno lina kipimo chake cha nguvu na cha haki.

Sukuma lenyewe ni neno lisilo na hatia. Twasukuma mkokoteni, twasukuma mlango. Jirani zetu wa Kenya wana mboga waliyoipa jina la sukuma wiki, kwa kuwa humfikisha mwenye kipato kidogo mwisho wa juma. Jina la ndugu zetu Wasukuma, hata hivyo, lina asili nyingine: kwa lugha za huko sukuma ni upande wa kaskazini. Lakini neno hili likiongezwa silabi hugeuka tabia. Kusukumana ni vurugu; kusukumiza ni kusukuma kwa kishindo; na kumsukumizia mtu jambo ni kumtwika mzigo au lawama isiyo yake. Wako viongozi wasiojua kusukuma, lakini ni mabingwa wa kusukumizia.

Lipo pia shindika. Mtu hushindika mlango, yaani huurudisha pasipo kuukomea, ili anayerudi usiku asibishe hodi. Neno hilo hilo ndilo la kushindika mafuta ya ufuta, zao ambalo wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hawahitaji kufundishwa. Katika miji ya pwani kinu cha kushindikia kilizungushwa na ngamia aliyefungwa macho, naye akazunguka kutwa asijue alikofika. Chombo cha kushindikia ndicho kilichoitwa shinikizo. Leo shinikizo ni la damu, na mashinikizo ni ya siasa. Lakini asili yake haijafutika. Anayemshinikiza mwenzake amemweka kinuni, na hana budi kujiuliza anataka kumkamua nini.

Baada ya hayo yaja kanda na kandamiza. Mpishi hukanda unga, mkandaji hukanda mwili wa mgonjwa, na mkono wake hujua mahali pa kuzidisha na mahali pa kulegeza. Kandamiza ni mkono usiojua kulegeza. Ndiyo maana Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliutaja ukandamizaji pamoja na majivuno na dharau miongoni mwa mambo aliyokatazwa kiongozi.

Mwisho kuna maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu: lazimisha, na shurutisha linalotokana na sharti. Chuoni tulikosoma Kurani tukiwa watoto, tulifundishwa kwamba dini haina kulazimishana, na neno la Kiarabu lililotumika hapo ni ikrahi. Kiswahili nacho kinalo neno ikrahi, ila kwetu maana yake ni jambo la kuchukiza. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba shina la neno hilo katika Kiarabu ni chuki yenyewe: kumlazimisha mtu ni kumtendesha analolichukia. Mwalimu wetu hakutueleza hayo, lakini fimbo yake ilitueleza.

Tunaweza kudhani kuwa huu ni mchezo wa maneno. Historia ya sehemu zetu za kusini inasema sivyo.

Serikali ya Wajerumani iliwatoa watu kwa shuruti kulima mashamba ya pamba chini ya maakida na majumbe. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliing'oa pamba hiyo, na Vita vya Majimaji vikaanza. Vilienea kusini yote, vikadumu hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Mkulima hakuichukia pamba. Alilichukia sharti.

Wakaja Waingereza na mpango wa karanga. Kuanzia 1947 matingatinga yalisukuma misitu ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nguvu haikukosekana, wala fedha: zaidi ya pauni milioni 35 zilipotea. Kilichokosekana ni kuiuliza ardhi, mvua na wenyeji. Mpango ulifutwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwaka 1962. Mji wa Nachingwea ulibaki kuwa ushahidi kwamba mashine hung'oa mti, ila haioteshi karanga.

Kisha tukaja sisi wenyewe, na hapa yatupasa kusema kweli bila kuzunguka. Mwaka 1968, katika maandishi yake juu ya Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe. Kwa miaka ile kuhamia vijijini kulikuwa jambo la kushawishiana. Mwezi Novemba 1973 neno likabadilika: kuishi vijijini kukawa amri, na mwisho wake ukawekwa 1976. Kufikia 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini. Shule zikajengwa, zahanati zikafunguliwa, na sisi tunaoandika haya tusingelijua kusoma pasipo shule za aina hiyo. Hilo hatulikani. Lakini hatukani pia kwamba mahali pengi watu walipakiwa katika magari, na mahali pengine nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Mzee wa Kilimarondo alipotuambia "tulikwisha kusukumwa", hakuwa akizungumzia sarufi.

Je, basi tuseme nguvu zote ni haramu? La hasha. Wahenga walisema lisilo budi hutendwa. Mtoto hapaswi kuachwa nje ya shule kwa sababu mzazi hajashawishika, wala kipindupindu hakingoji mkutano wa pili. Sheria ina mahali pake. Tunachokikataa ni kuifanya sheria kuwa neno la kwanza mahali ambapo maelezo hayajatolewa, na kuificha nyuma ya neno laini. Mtu akishurutishwa, aambiwe kuwa ameshurutishwa, kwa sheria ipi, na aende wapi akiwa na malalamiko. Kumshurutisha mtu huku tukisema "tunamhamasisha" ni kumdhulumu mara mbili.

Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vinatupa msaada hapa. Huko nguvu huitwa kani, na kani ikigawanywa kwa eneo inaloliangukia huitwa kanieneo. Kani ile ile ikitandazwa penye eneo kubwa haiachi alama. Ikikusanywa penye makali ya jembe hukata ardhi. Ndivyo ulivyo mchango wa kijiji. Ukitandazwa kwa haki, kila nyumba itauhimili. Ukimwangukia mjane mmoja kwa sababu hana wa kumsemea, utamkata.

Tukamkumbuka na mkunga. Yeye husema "sukuma" kuliko kiongozi yeyote, na wazazi humtii. Lakini kabla ya hapo husema "usisukume bado" mpaka aone njia imefunguka. Hajapata kumsukumia mzazi. Yupo kandoni mwake, jasho linamtoka, na mwisho wa yote mtoto hasemwi kuwa ni wa mkunga.

Kule Kilimarondo tuliomba nafasi ya kusema mara ya pili. Tulilirudisha neno letu mbele ya watu. Tulieleza bati ngapi zinahitajika, zilizopo ni ngapi, na fedha zilizokwisha kuchangwa ziko mikononi mwa nani, jambo ambalo, kumbe, ndilo lililokuwa likisubiriwa tangu mwanzo. Siku ya kazi hawakuja wote. Waliokuja walitosha kupandisha mbao, na yule mzee alikuwa miongoni mwao. Alipotuona tumesimama na daftari la mahudhurio alituuliza kama daftari linaweza kushika ncha moja ya ubao. Tuliliweka chini.

Kwa hiyo tunawasihi ndugu zetu viongozi, kuanzia wa kitongoji hadi wa wilaya, wayapime maneno kabla ya kuyapeleka mkutanoni. Palipo na haja ya kueleza, tueleze. Palipo na haja ya kuhimiza, tuhimize. Palipo na sheria, tuitaje kwa jina lake. Na palipo na gari lililozama, tushuke kwanza, kisha ndipo tuseme: tusukume.