Kazi ya Kwanza ya Mtabibu wa Usemi



Mwezi huu tumependa kuzungumza na vijana wetu waliohitimu tiba ya usemi, pamoja na wazee wao wanaouliza: kazi ipo wapi?

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Mtabibu wa usemi humtibu mtoto aliyechelewa kusema, mwenye kigugumizi au kithembe, na aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. Tena humsaidia mtu mzima aliyepatwa na kiharusi arejeshe maneno yake, na ameze chakula bila ya kupaliwa.

Mlango wa kwanza ni leseni. Bila ya idhini ya Wizara ya Afya mhitimu haruhusiwi kumtibu mtu. Vyeti huhakikiwa na chuo kilichovitoa, na uhakiki huo huchukua muda, khasa kwa waliosoma nje, ikiwa ni Amman au Kampala. Basi msiondoke chuoni bila ya orodha ya masomo, na hesabu ya saa za mazoezi iliyotiwa saini na mwalimu aliyewasimamia. Karatasi hiyo ni rahisi kuipata mkiwa huko. Mkisharejea Ibra itakuwa kazi ya barua na kusubiri.

Mlango wa pili ni mahali pa kuomba. Ziko hospitali za serikali Ibra, Sur na Nizwa. Viko vituo vya Al Wafa, vinavyohudumia watoto wenye ulemavu chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Na ziko zahanati na shule za watu binafsi. Nafasi za serikali hupitia Wizara ya Kazi, iliyoundwa mwaka 2020, na raia hutangulizwa. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya atazame zaidi upande wa binafsi, na aulize mapema juu ya kibali cha kazi.

Wengi huitaka Muscat tu. Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Mji mdogo humfundisha mhitimu upesi, kwani humjia wagonjwa wa kila namna. Khatari yake ni upweke: huenda asiwepo mkubwa wa kumwongoza. Kwa hivyo katika usaili ulizeni nani atakusimamieni mwaka wa kwanza, hata kama ni kwa simu kutoka mji mwengine. Suala hilo lina uzito kuliko mshahara.

Mlango wa tatu tunao wenyewe, nao ni Kiswahili. Jamaa zetu wengi walirejea kutoka Zanzibar na Bara baada ya mwaka 1970, na lugha wakarejea nayo. Mtoto aliyelelewa na bibi yake kwa Kiswahili huenda akasema "binti" badala ya "bint" na "wakati" badala ya "waqt", kwa kuwa neno la Kiswahili hupenda kuishia kwa vokali. Huo si ugonjwa. Maradhi ya lugha hasa hujitokeza katika lugha zote mbili; anayempima mtoto kwa Kiarabu peke yake aweza kumtia ila asiyokuwa nayo, au kumwambia mama aache Kiswahili nyumbani. Kulelewa kwa lugha mbili hakumcheleweshi mtoto kusema.

Vivyo hivyo kwa wazee. Baada ya kiharusi, mtu wa lugha mbili huweza kurejewa na moja kabla ya nyengine. Bibi asiyejibu lolote kwa Kiarabu pengine yu tayari kujibu akiulizwa, "Umeamkaje, bibi?"

Vijana wetu, kiandikeni Kiswahili katika ukurasa wa kwanza wa maombi yenu, karibu na shahada, na mweleze kitamfaa nani. Nanyi wazazi, mtoto akipelekwa kupimwa, mwambieni mtabibu lugha zote anazozisikia nyumbani, na maneno anayoyasema kwa kila moja.